Viroboto kwa mbwa na paka: dalili, chanzo, na dawa ambazo hupaswi kumgusisha mnyama wako

Kama paka au mbwa wako anatetemeka sasa hivi baada ya kupakwa dawa, usisome utangulizi huu. Nenda moja kwa moja kwenye dalili ya kwanza hapo chini.

Kwa wengine wote: malalamiko ya viroboto hapa Dodoma, iwe Nkuhungu, Ipagala au kule Kongwa na Bahi, karibu yote yana chanzo kimoja kati ya viwili. Ama dawa ya ng'ombe imepakwa mnyama asiye ng'ombe, ama dawa nzuri imepakwa mnyama na sakafu ikasahaulika. Huu ni mji ambao ukienda dukani kununua dawa ya mbwa mmoja unapanga foleni na mfugaji mwenye ng'ombe themanini, na rafu karibu nzima ni yake yeye.

Majina ya kemikali nayaandika kwa matamshi yetu. Kwenye lebo utayakuta kwa tahajia ya kigeni, mara nyingi bila ile "i" ya mwisho, na ni hayo ya kusoma. Picha ya mbwa anayecheka kwenye boksi haikuambii kitu.

Dalili: anatetemeka, anatokwa mate au anayumba baada ya dawa

Kwanza tenganisha dogo na kubwa. Paka akilamba dawa ya matone ya shingoni hutokwa povu na mate kwa dakika chache kwa sababu dawa ni chungu. Kama anatembea sawa, masikio hayachezi, na mate yanakatika upesi, huo ni uchungu tu. Mzuie asilambe tena, endelea kumwangalia.

Lakini masikio yakicheza-cheza, ngozi ikiruka, miguu ikitetemeka, akishtuka ukimgusa kidogo, au akianza degedege, hiyo ni sumu. Chanzo, kuanzia kinachotokea sana:

*Dawa yenye jina linaloishia na "-thrin" imempata paka.* Permethrini, sipermethrini, alfasipermethrini, deltamethrini: ni familia moja, na ndiyo iliyojaa kwenye dawa za kuogeshea ng'ombe, dawa za kumwagia mgongoni na baadhi ya matone ya mbwa. Mbwa huivumilia kwa kipimo chake. Ini la paka haliwezi kuivunja permethrini ipasavyo, kwa hiyo inabaki mwilini na kushambulia mishipa ya fahamu. Matone yaliyotengenezwa kwa mbwa mkubwa yanaweza kumuua paka. Kumpunguzia ("nilimpaka nusu tu") si kinga.

*Paka hakupakwa, mbwa ndiye aliyepakwa.* Wamelala pamoja, au paka amemlamba mwenzake. Ukimpaka mbwa dawa ya aina hii, watenganishe kwa siku tatu.

*Poda ya kuhifadhi nafaka.* Hii inashangaza watu. Poda inayochanganywa na mahindi na mtama ghalani huwa na permethrini pamoja na pirimifosi-metili, sumu ya familia nyingine inayoleta mate mengi, machozi, kuhara na mboni ndogo za macho. Wapo wanaomnyunyizia mbwa, wapo wanaoinyunyiza chini ya kitanda cha paka. Ilitengenezwa kwa dumuzi, ikae humo.

*Amitrazi.* Hii inayotumika kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe huleta picha tofauti: mnyama analegea, anasinzia, mwili unapoa, mapigo ya moyo yanashuka. Wengi hudhani amepumzika. Kwa paka usiiguse kabisa.

Cha kufanya: kama hana degedege, muoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, suuza, mkaushe, mfunge kwenye taulo. Maji yasiwe ya moto, kwa sababu joto hufungua mishipa ya damu ya ngozi na dawa huingia zaidi. Muweke mahali tulivu penye giza. Usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kula, usimtapishe. Chukua chupa au boksi la dawa, nenda nalo.

Acha hapo, mtafute daktari wa mifugo: akitetemeka hata kidogo, akiwa na degedege, au akiwa hasimami. Hakuna dawa ya nyumbani. Daktari ana dawa za kulegeza misuli na kuzuia degedege, na kwa sumu ya aina ya pirimifosi anayo atropini. Ukiwahi, wengi hupona. Dalili kwa kawaida huanza ndani ya saa chache, ila zinaweza kuchelewa hata siku mbili tatu, kwa hiyo usihesabu ushindi jioni ile ile.

Jambo lingine, na hili ni la kwako wewe. Mbwa anayetokwa mate ovyo na kuyumba anaweza pia kuwa na kichaa cha mbwa. Kama huna hakika kwamba alipakwa dawa, hasa kama hana chanjo au ameng'atwa karibuni, usimshike, usimtie mkono mdomoni, mfungie. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Dalili: nimepaka dawa, baada ya wiki viroboto wamerudi

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na hitimisho la wengi ni kwamba dawa ni feki. Inawezekana, lakini iweke chini kwenye orodha yako.

*Viroboto wako nyumbani, si kwa mnyama.* Wale unaowaona kwenye manyoya ni sehemu ndogo tu. Jike mmoja hutaga mayai hadi 40 au 50 kwa siku. Mayai hayagandi, yanadondoka kila anapolala mnyama. Yanakuwa mabuu, mabuu wanajifunga kwenye kifuko, na humo ndani kiroboto anaweza kungoja kwa wiki, hata miezi, hadi asikie mtikisiko, joto na pumzi ya kiumbe. Kifuko hicho dawa nyingi hazikipenyi. Kwa hiyo wale unaowaona wiki ya pili ni wapya waliotoka sakafuni, hawajarudi kutoka popote. Hilo haliisemi vibaya dawa. Ukimchana mnyama na kukuta viroboto wachache waliolegea, dawa inafanya kazi.

Hali ya hewa yetu ingepaswa kutusaidia. Mabuu wa kiroboto hukauka na kufa unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 50 hivi, na jua la Dodoma la mwezi wa tisa halina huruma. Uwanja ulio wazi hauna shida. Kagua kivuli chenye unyevu: chini ya simtanki linalovuja, ambapo mbwa amejichimbia kishimo chake cha kulala mchana, nyuma ya bafu la nje, magunia yaliyorundikwa stoo, na sakafu ya udongo inayomwagiwa maji kila jioni kutuliza vumbi. Pale chini ya tanki ukifukua udongo kwa kijiti utakuta umepoa na una unyevu hata mwezi wa kumi. Pale ndipo pa kuanzia. Ziba uvujaji, hamisha malazi ya mbwa, acha jua lipige.

Ndani: fagia kila siku hadi pembeni na chini ya vitanda, taka zichomwe au zitupwe mbali na nyumba. Matandiko ya mnyama yafuliwe kwa maji ya moto, yaanikwe juani. Dawa ya kupuliza ndani ikitumika, wanyama na watoto wawe nje mpaka ikauke kabisa. Na kama una paka, ile "-thrin" inakuhusu hapa pia. Dawa yenye piriproksifeni au methopreni huzuia mayai na mabuu kukua, na ni msaada mkubwa ukiipata. Methopreni huharibiwa na jua, ipulize ndani tu.

*Mnyama mmoja ametibiwa, wengine wameachwa.* Mbwa amepakwa, paka hakupakwa, na mbuzi ndiyo hakufikiriwa kabisa. Kiroboto wa paka huyu huyu hupanda mbuzi vizuri sana, na bandani huwasumbua zaidi vitoto. Zizi likiwa limegusana na nyumba, au wanyama wakilala humo humo ndani kama kwenye tembe, tibu wote siku moja, kila mmoja kwa dawa yake.

*Dawa haikufika kwenye ngozi.* Matone huwekwa kwenye ngozi, nyuma ya shingo ambapo hajifikii kwa ulimi, ukiwa umetenganisha manyoya. Yakibaki juu ya manyoya umelowesha manyoya. Usimuogeshe siku mbili kabla wala siku mbili baada.

*Kipimo cha kukadiria.* Mpime. Panda naye kwenye mzani, kisha panda peke yako, toa. Kugawa kifuko cha mbwa wa kilo 40 kwa watoto watatu wa mbwa ni kubahatisha.

*Sindano ya ivermektini.* Kuna wanaopita mitaani na sindano ya "minyoo na wadudu wote". Ivermektini inafanya kazi kwa upele na minyoo kadhaa. Kwa viroboto haina maana. Na kwa mbwa wenye damu ya collie, aina ya mbwa wa Uskoti wa kuchunga kondoo, inaweza kuleta upofu, degedege na kifo.

*Dawa imeharibika au ni bandia.* Tarehe imepita, boksi limekaa dirishani juani, lebo imebanduliwa. Sasa ndiyo fikiria hilo.

Jipe miezi mitatu ya kurudia dawa kwa ratiba ya lebo. Acha hapo kama baada ya hiyo miezi mitatu bado hali ni ile ile: usiongeze dozi wala usichanganye dawa mbili. Mwite daktari aangalie nyumba na wanyama wote.

Dalili: anajikuna sana lakini sioni kiroboto hata mmoja

Anza na karatasi nyeupe. Mchane kwa chanuo la meno yaliyokaribiana, lile la chawa, hasa mgongoni karibu na mkia. Kung'utia karatasini, kisha weka matone ya maji. Kinyesi cha kiroboto ni damu iliyokauka: chembe nyeusi zilizopinda kidogo, na zikilowa zinaachia taratibu duara la wekundu-kahawia. Hapa kwetu angalizo ni vumbi. Udongo mwekundu nao unachafua karatasi, lakini ni mwekundu tangu ukiwa mkavu, na ukiusugua kwa kidole unasikia mchanga. Kinyesi cha kiroboto ni cheusi kikiwa kikavu na kinayeyuka.

Karatasi ikiwa na wekundu, chanzo kinachowezekana zaidi ni mzio: mnyama mwenye mzio wa mate ya kiroboto huwashwa siku nyingi kwa kuumwa na wachache tu, na paka hujilamba hadi kuwameza wote. Manyoya hunyonyoka juu ya mkia na mapajani.

Ikiwa safi, tafuta kupe katikati ya vidole na ndani ya masikio. Kisha fikiria upele: ncha za masikio na viwiko vimekakamaa, vina magamba, na huenda hata wewe unawashwa mikononi. Dawa ya viroboto ya kawaida haitibu upele, na oili chafu haitibu chochote. Mpeleke kwa daktari kama kuna vidonda vyenye usaha, harufu, au homa.

Dalili: vitu vyeusi vimeng'ang'ania masikioni au kuzunguka macho, haviruki

Una kuku? Hawa ni viroboto wa kuku, wale wanaojikita kwenye upanga na kope za kuku kama punje za ulezi. Mbwa akilala bandani au kulamba sahani ya kuku huwapata kwenye kingo za masikio na usoni. Wapake mafuta ya mgando wakose hewa, wang'oe kwa kibano kimoja kimoja, safisha. Karibu na jicho usipake dawa ya aina yoyote. Hilo ni la daktari. Wakirudi, tatizo liko bandani: badilisha matandazo, choma ya zamani, tibu kuku. Poda ya kuku usiihamishie kwa paka.

Dalili: mtoto wa mbwa au paka amelegea, hanyonyi

Fungua mdomo, tazama ufizi. Unatakiwa uwe na rangi ya waridi. Ukiwa mweupe au wa kijivu, viroboto wamemnyonya damu, na kwa kiumbe wa nusu kilo haichukui viroboto wengi wala siku nyingi.

Dawa nyingi za matone huanzia wiki 8. Chini ya umri huo njia salama ni chanuo na maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini: anza kwa kusugua povu shingoni kama kola, ili wasikimbilie usoni, kisha mwili. Dakika chache tu, mkaushe kabisa, mpashe joto. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku ya Dodoma inaua vitoto hivi kabla ya viroboto. Mama naye atibiwe, kwa dawa ambayo daktari amekubali kwa anayenyonyesha.

Usingoje kesho kama ufizi ni mweupe. Anahitaji daktari leo, pengine na kuongezewa damu.

Dalili: ngozi imebabuka baada ya kupaka "dawa"

Oili chafu, mafuta ya taa, dizeli, sabuni ya unga kali. Kwa mpangilio huo, kuanzia inayotumika sana. Huunguza ngozi, na mnyama akijilamba huingia tumboni na mapafuni. Osha kwa sabuni laini na maji mengi, zuia kulamba, na akikohoa au kuhema kwa shida nenda kwa daktari.

Mwarobaini naujua, nusu ya Dodoma iko chini ya kivuli chake. Maji mepesi ya majani kwa mbwa mkubwa mwenye ngozi nzima hayana ubaya, ila yanafukuza kidogo tu na hayamalizi. Mafuta yake mazito usimpake paka.

Dalili: sisi ndio tunaoumwa, na hatuna mnyama

Hii nimeisikia mara nyingi kwa watumishi waliohamia na kupanga nyumba zilizokaa tupu miezi kadhaa. Aliyetoka alikuwa na mbwa. Vifuko vimebaki sakafuni. Siku unapoingia na godoro, hatua zako zinawaamsha wote kwa pamoja. Alama huwa ni madoa mekundu kwenye vifundo vya miguu. Fagia na kudeki kwa siku kadhaa mfululizo, tembea-tembea ndani ili watoke, ndipo upulize dawa, na rudia baada ya wiki mbili. Kama nyumba haikuwa na mbwa, tafuta panya darini. Vaa glavu ukiokota panya aliyekufa, maana viroboto wake wanahama. Ukipata homa kali na tezi zilizovimba baada ya hapo, hospitali.

Dalili: punje kama za mchele kwenye mkia au kinyesi

Ni minyoo tegu, mnyama ameipata kwa kumeza kiroboto. Prazikwanteli huitoa. Bila kumaliza viroboto itarudi. Mtoto wa binadamu akimeza kiroboto naye anaweza kuipata.

Ukiwa dukani

"Dada, nipimie ya elfu mbili, ni ya mbwa mmoja tu." Ombi hili husikika kila siku, na dawa ya josho hutoka kwenye dumu kwenda kwenye chupa ya maji, bila jina, bila kipimo, bila tarehe. Ng'ombe wetu wa kienyeji ana kilo zaidi ya mia mbili. Paka ana tatu au nne. Usinunue dawa ya kupimiwa kwa mnyama wa nyumbani, hata kama muuzaji ni jirani yako.

Dai kifungashio chenye lebo, usome mambo manne: jina la kemikali, aina ya mnyama, uzito na umri wa chini. Kwa paka, fipronili, imidaklopridi au selamektini zilizotengenezwa kwa paka ni mwanzo mzuri. Imidaklopridi iliyochanganywa na permethrini ni ya mbwa peke yake. Zipo kola za paka zenye flumethrini zilizopimwa kwa ajili yao, na hiyo ndiyo "-thrin" unayoweza kumruhusu, kwenye kola hiyo tu. Sungura asiguswe na fipronili, inamuua. Vidonge vya fluralaneri, afoksolaneri na ndugu zake vinafaa sana kwa mbwa, lakini mwambie daktari kama mbwa amewahi kuwa na kifafa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2018.

Kama duka halina dawa ya paka, jibu sahihi ni kutonunua. Chana, osha matandiko, mpigie afisa mifugo wa kata akuelekeze kwa daktari. Na dawa iliyobaki usiimwage kwenye mfereji wala karibu na mizinga: fipronili na hizo "-thrin" huua nyuki na samaki kwa kiasi kidogo sana. Ifunge kwenye chupa yake, iweke juu pasipofikiwa na mtoto, na chupa ikiisha itobolewe ili asije mtu akaitumia kuwekea mafuta ya kula.